Kipimo Kimeshuka

Saa kumi na mbili asubuhi naandika daftarini:
mita moja na sentimita arobaini.
Jana ilikuwa mbili na kumi.
Na mvua, tangu Jumatatu, haijafunga mdomo
huko Machame, huko Kibosho,
ambako mlima umejifunika blanketi la wingu
kama mgonjwa asiyetaka kujuliwa hali.

Kivukoni Arusha Chini wanashangilia.
"Mama Vipimo, Kikuletwa imetuonea huruma!"
Wana matenga ya nyanya, wana magunia ya vitunguu,
gulio la Kahe halimsubiri mtu,
na Kisamo ameshakumba maji mtumbwini,
ameshika upondo, anapiga mluzi.

Nasema: hapana.

Sina sare. Sina bunduki.
Nina ubao wenye namba, uliosimikwa topeni,
na posho inayofika ikipenda.
Miaka kumi na tisa nausoma ubao huu
kama wengine wasomavyo uso wa mume arudipo usiku:
akigomba siogopi.
Naogopa akinyamaza.

Mto unaopungua huku mvua inanyesha
kuna mahali umekabwa koo.

Hawanielewi. Basi nampokonya Kisamo upondo wake,
nauweka begani, napanda nao njia ya miwani
huku matusi yakinifuata hadi kwenye kona.

Darajani: magogo.
Mikaratusi iliyokatwa kwa msumeno, kata zake bado nyeupe,
aliyeyapanga ukingoni alikuwa akisubiri lori la usiku.
Mgrevilea uliokuwa ukiifunika kahawa ya mtu.
Mkuyu mzima, mizizi hewani.
Mlango wa banda la ng'ombe, komeo limefungwa.
Na masale matatu, yangali na udongo.
Mpaka wa kihamba cha nani umehama,
na ndugu gani leo watagombea futi mbili?

Nyuma ya rundo, ziwa ambalo jana halikuwapo.
Limetulia kama maziwa kwenye sufuria,
dakika ile unapogeuka kutafuta kijiko.

Na vijana wawili wako juu yake na shoka.
"Pagumu kama sakafu, Mama!"
Si sakafu.
Chini ya gogo kuna gogo, na chini ya hilo
kuna tundu lenye maji yanayovuta;
mguu ukizama hadi paja, mti wa pili unakuja kufunga mlango.
Mwaka ule wa Eliamini tulipata kofia tu.

Shukeni, nasema. Shukeni sasa hivi.
Mmoja anashuka.
Mwingine, Ndewirwa, anarudi kuchukua panga.
Panga! La shilingi elfu nane!

Ninalisikia kabla ya kuliona:
si ngurumo, ni mlio mdogo, mkavu,
kama mtu anayejikunja vidole.
Namnyooshea upondo. Anaudaka.
Namvuta na kiatu kimoja.

Halafu mlima wote unapita mbele yetu.

Napiga simu, vidole vimejaa tope:
Kisamo, toka majini!
"Niko nchi kavu, mwizi wewe, nitaingiaje majini bila —"
Anakatika. Hajakata simu.
Nasikia matenga yakiburutwa, mtu akiita mtoto,
na mto uleule ulionipita hapa
unanifikia mara ya pili, kupitia sikio.

Saa kumi na mbili jioni. Nafungua daftari.
Safu ya kimo: ubao haupo.
Safu ya maoni ni nyembamba, haitoshi hata jina la mtu,
lakini naandika kwa herufi ndogo:
watu, wote.
Mtumbwi, hapana.

Nje Kisamo amekaa juu ya gunia la vitunguu.
Nimemrudishia upondo wake.
Anaugeuza, anautazama juu, chini,
na bado hajanisamehe.