Bipu Moja

Mwanasheria alishuka na treni ya usiku,
hakuuliza nyumba ya wageni, aliuliza daftari.
Kampuni mbili za Dar, akasema, zinavutana mahakamani:
ipi iliyotangulia kubuni
"njia ya kuidhinisha malipo madogo kwa mlio usiopokelewa."
Hataza moja, wenyewe wawili.

Kumbe kubipu.

Nikamweleza habari za Nyamizi wa maziwa, kule Isevya.
Unamtumia elfu mbili Jumatatu, zinakaa kwake,
maana ukituma mia mbili kila siku
makato yanakuwa marefu kuliko deni.
Mtoto akija na kikombe hapewi hivi hivi.
Baba yuko shambani, amepanda kichuguu kutafuta mtandao:
bipu moja, mpimie;
mbili, mpimie nusu, wiki ni ndefu;
tatu, huyo si wangu, mrudishe kwao.
Senti haikutoka bila mlio,
na kila mlio aliutilia nukta ya bluu daftarini,
jina, tarehe, saa kwa kukisia jua.

"Daftari liko wapi?"

Hapo nikatazama chini.
Nyamizi alipohamia Mpanda kwa bintiye
aliniuzia yote kumi na moja, kwa kilo.
Karatasi nzuri zile, ngumu, hazinywi mafuta.
Tangu masika nafungia karanga.
Ushahidi wenu, bwana, umeshapanda treni,
umetupwa dirishani Malongwe, Itigi,
mbuzi wameutafuna.

Hakucheka.
Alikaa juu ya gunia langu na suti yake,
akafungua pakiti moja moja,
karanga zikimmwagikia mapajani.
"Mwashi, nukta moja.
Kasubi, mbili.
Mihambo, tatu." Akanyamaza kidogo.
"Huyu mtoto alirudishwa."

Alirudishwa, nikasema.
Ilikuwa Ijumaa, salio limekwisha,
na baba juu ya kichuguu hakuwa na bipu nyingine ya kusema hivyo.
Nilirudi na kikombe nimekivaa kidoleni.

Akachukua pakiti tisa, elfu moja na mia nane.
Mtandao wa pesa ulikuwa umelala.
Akaniomba namba,
akapiga, akakata.
Mlio mmoja.

Tukatazamana,
yeye na karatasi zake, mimi na ahadi,
wala hakuna aliyeuliza
mlio ule ni mali ya nani.