Siku Tatu za Buluu

Saa kumi na mbili kasoro, mashariki mwa Estonia,
nimelala kifudifudi kando ya mtaro,
viwiko ndani ya majani ya mwaka jana.
Theluji iliyosalia chini ya misonobari
imekuwa kama sukari iliyomwagikiwa chai.
Lenzi naipangusa kwa ncha ya skafu. Inaingia ukungu.
Naipangusa. Inaingia.

Siwangoji korongo.
Hao walipita juzi, wakilia kama bawaba kavu,
na kila mwenye kamera wilayani akatoka mbio, kichwa juu.
Mimi nangoja vyura.

Mwaka mzima wao ni tope juu ya tope.
Ila barafu ikishayeyuka, siku tatu, zikizidi nne,
madume huvaa buluu,
buluu ya moto wa gesi chini ya sufuria,
kisha huivua, usidhani waliwahi kuwa nayo.

Mvumilivu hula mbivu, nasikia.
Mpaka sasa nimekula unyevu.

Halafu wakaanza:
bwu, bwu, bwu,
kama chupa tupu inayozamishwa pipani,
na maji yote yakawa macho.
Nikabonyeza. Kidole gumba sikisikii. Nikabonyeza.

"Ilme! U hai au tukuzike?"
Endla, buti za mpira, ndoo nyekundu mkono huu na huu.
"Malori ya magogo yanaanza saa moja.
Wamejaa barabarani. Mikono unayo?"

Nikaiacha kamera juu ya kisiki, jicho wazi.

Tuliwavusha. Endla akihesabu kwa sauti,
kama alivyohesabu magunia ya viazi ghalani:
arobaini na moja, arobaini na mbili, huyu amebeba mwenzake, arobaini na nne.
Mmoja alikuwa ametoka mtaroni, akapotea njia,
buluu tupu juu ya changarawe.
Nikamfumbata. Moyo wake ukinigonga kiganjani.
Hatua kumi na mbili tu hadi majini,
na nilipofungua vidole
nilikuwa nimeshika tope.

Jioni nimezikagua picha, thelathini na sita.
Nyingi ni nyasi.
Moja ina doa la buluu lililotikisika,
na pembeni, kali kabisa, hata kutu yake inahesabika,
ndoo.

Hiyo sikuifuta.
Endla amepiga simu mara mbili
kuuliza kama ndoo yake imetoka vizuri.