Sori, Kidato cha Pili B

Jumanne, Newala. Ukungu umeingia darasani
bila kubisha hodi,
umekaa na wale wa nyuma.
Naita majina nikikisia.

Jana Madamu Harriet, mgeni wetu wa muhula mmoja,
aliteleza pale kwenye simtanki.
Ndoo ikaenda zake, sementi ikala magoti.
Watoto arobaini na wawili wakapaza:
Sori, madamu! Sori!
Akainuka, akawatazama mmoja mmoja
kama anayemtafuta mwizi wa kuku.
"Kwani nani kamwaga maji?"
Kimya. Hakuna aliyemwaga.
Somoe Nampoto alilia hadi kengele ya mchana.

Basi leo nimefunga kitabu.
Wakati uliopita tumeuacha upite.
Nimeandika ubaoni neno moja, SORI,
nikachora mstari chini yake uliopinda kama Ruvuma:
ng'ambo ya huku, ng'ambo ya kule.
Kule, nikasema, neno hili hubebwa na mwenye kosa.
Huku tumeligeuza kanga,
yeyote aliye karibu humfunika nalo aliyeanguka.

"Na kule, mtu akianguka, aliye karibu anasemaje?"
Ni Chilumba, aliyerudi juzi tu
kutoka kumzika baba yake.
Chaki ikanivunjikia mkononi.
Kule sijafika mimi.
Theluji yao nimeifundisha miaka kumi na mmoja
kwa mfano wa salfa
inayotua kwenye mikorosho mwezi wa saba,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kama salfa ina baridi.

Nikamwita Harriet. Alikuwa stafu, anabandika plasta.
Akafikiri. Akafikiri sana.
"Tunamuuliza, uko sawa?
Naye hujibu, niko sawa,
hata mguu ukiwa umevunjika."

Darasa likaangua kicheko, yeye pia, mimi pia.
Chilumba hakucheka.
"Mbona hata sisi," akasema.
"Kila asubuhi mwalimu anatuuliza hali.
Tunasimama wote. Faini, tenkyu, tiicha.
Tunakaa."

Kengele iligonga, hakuna aliyenyanyuka.
Ukungu ulikuwa umeshatoka, sikuuona ukiaga.

Mwalimu wa taaluma kapita, kaangalia ubao,
kaniuliza hii ni mada ipi,
mbona kwenye muhtasari haimo.
Nimechukua andalio la somo, nikaijaza ile nafasi
kwa mwandiko wangu mzuri wa kukaguliwa:
Salamu. Marudio.