Njia ya Mkato

Uma wangu ulikuwa hewani, na kipande cha nyama
kisichozidi dadu, Ondina aliponiuliza mbele ya watu:
"Kwa hiyo, Iraci, uliamua kupita njia ya mkato?"

Nikatia nyama mdomoni. Moja. Mbili.

Mikato ipo. Ni mitano, naijua mmoja mmoja,
hakuna uliozidi ukucha wa kidole gumba.
Na njia, kama anaitaka njia, ndiyo hii:
basi la saa kumi alfajiri, Pelotas hadi Porto Alegre,
miaka miwili, viti viwili, na nauli ya vyote;
daktari wa moyo, daktari wa mapafu,
mwanasaikolojia kijana mwenye soksi zisizofanana
aliyetaka kujua nikikasirika nakula nini.
Viini vya mayai, nikamjibu, vilivyopikwa na sukari.
Hakucheka. Aliandika.

Saba. Nane.

Mji wetu unaishi kwa vitamu. Kila alfajiri napasua mayai mia mbili,
ute huku, kiini huku,
na sukari inatokota kwenye sufuria ya shaba hadi itoe uzi.
Sukari ilinisomesha. Sukari ilimlisha mama,
kisha sukari ikamla mama, ikaanzia vidole vya mguu.
Kwa hiyo wewe, Valmor, shemeji yangu, unayekonyeza wenzako
kwamba nilikwenda kutafuta kiuno:
nilikwenda kutafuta miguu.

"Walikutoa ndoo ngapi za mafuta?" huniuliza wateja,
huku wakichagua keki.
Hata kijiko. Mafuta yaliachwa pale pale,
yahame yenyewe, taratibu, kwa kinyongo,
kama mpangaji aliyepewa notisi.
Daktari Heidrich alishughulika na tumbo,
akauelekeza utumbo njia nyingine,
akaniachia kifuko cha ukubwa wa yai.
Mimi, mpasua mayai,
sasa natembea na moja ndani, kwa adabu.

Kumi na tatu.

Siku ya tatu muuguzi alipima damu yangu, akapima tena,
akaitazama mashine kana kwamba imemtukana.
Nililia pale, kwa ajili ya mama, si kwa ajili yangu.
Mwezi wa nne nywele ziliziba tundu la bafu.
Ngozi ya mikono ikaning'inia, fulana ya mtu mwingine
niliyosahau kuivua.
Vidonge kila asubuhi, vya chuma, vya kalsiamu,
vingine majina yake siyawezi,
hadi siku ya kuzikwa.
Nani aliwaambia kwamba hii ni kazi ya mvivu?

Lakini siwezi kumsimanga Ondina peke yake.
Na mimi niliingia chumba cha upasuaji na uongo wangu mmoja,
nimeukumbatia kama mto:
nilidhani njaa inakaa tumboni.
Usiku mmoja, Adair akikoroma, nilisimama jikoni gizani
nikala vitamu viwili vya nazi.
Cha tatu sikukimaliza.
Jasho. Moyo ukatoka mbio kama farasi aliyemwangusha mtu.
Nikalala juu ya vigae vya baridi, shavu chini,
nikaelewa kwamba kisu hakikufika kichwani,
na kumbe kichwa ndicho kilichokuwa kinakula.
Mwaka wa tatu kilo nne zilirudi, bila hodi.
Mbili nimezitoa.
Mbili bado tunatazamana.

Ishirini na nne. Ishirini na tano.
Nikameza.

Meza nzima ilikuwa imenyamaza,
hata Valmor, na kisu chake cha nyama choma.
"Ndiyo," nikamwambia Ondina, "ya mkato.
Hebu nisogezee chumvi."