Bati Linalonuka Siki

Nimezoea watu wa ngumi.
Kariobangi, kila Jumamosi, kwa maikrofoni ya kuazima,
nawatia maneno vinywani: huyu namfanya fundi bomba,
yule mwenye nyumba mdai kodi,
na umati unacheka kabla teke halijafika.

Safari hii niliitwa Ngara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la zipu na vifungo.
Filamu moja, bati moja lenye kutu,
ukilifungua linanuka siki kama kachumbari iliyolala.
Ya kwanza, waliniambia, kusemwa Kiayalandi mwanzo hadi mwisho.
Nakala zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole,
na vidole vyenyewe vya fundi mbao.

Maandishi ya chini hayakuwapo.
Kwa hiyo Sista Attracta, miaka arobaini na minne Embu,
aliketi kushoto kwangu akininong'oneza
kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Runyenjes,
nami nikapaaza.

Shuka tulilotundika lilikuwa la hospitali.
Pembeni mwa mbingu ya Ayalandi, juu ya mawe na mwani,
mhuri wa buluu: MALI YA SERIKALI.
Watu ishirini na watatu, mmoja na mtoto mgongoni.

Kijana anafunga sanduku kwa kamba.
Anaenda kuchimba barabara za watu.
Mama yake yuko mlangoni. Anasema.
Anasema tena, kwa muda mrefu,
nami nasubiri sikio langu la kushoto.

Kimya.

Nikageuka. Sista ameshika rozari lakini hasali.
"Hapo," akasema, "ndivyo alivyosema mama."
Kiswahili chote cha miaka arobaini na minne
kikawa kimemtoka.

Ningeweza kubuni. Ndiyo kazi yangu.
Nikazima maikrofoni.

Sauti ya yule mama ikapita ukumbini peke yake,
ina mikwaruzo, ina koo, kama ungo unaopepeta mtama,
mashine ikitatarika nyuma yetu.
Ndipo Nasieku, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni,
ambaye nyanya yake kule Doldol ana lugha
anayoweza sasa kuzungumza na mbuzi tu,
akasema kwa sauti:
"Anamwambia asisahau kula."

Sista akacheka, akapenga kamasi.
"Hukukosea sana. Asilale na soksi mbichi."

Jumamosi iliyofuata, Kariobangi,
jambazi alipopigwa risasi nilimwacha afe bila neno langu.
Wakanirushia vifuniko vya soda.
Mmoja akataka shilingi zake ishirini.
Nilimrudishia. Vidole vilikuwa bado vinanuka siki.