Orodha ya Wasiopiga Kelele

Siku ya kuapishwa walinipa beji na daftari.
Beji ya bati, pini imelegea.
Daftari la jalada la bluu, na juu yake
mwandiko wa kiranja aliyenitangulia:
WAPIGA KELELE.

Kurasa arobaini za majina.
Baluku, mara tisa. Masika wa dawati la nyuma,
mara nyingi hadi wino ukachoka.
Kule sikumwona hata mara moja.

Shule yetu imepanda kilima kama ngazi:
chini chekechea na vigoda vyao,
katikati la kwanza hadi la saba,
juu, penye mikaratusi, sisi wa senia.
Unaingia geti lile na kamasi, unatoka na ndevu.
Mimi niliingia nimebebwa mgongoni.

Kule yuko la pili. Mtoto wa nne wa kiume kwao,
ndiyo maana ya jina; sisi Wakonzo
tunaita watoto kwa kuhesabu.
Lakini kwa Kiswahili jina lake ni mahali,
na kweli alikuwa kule,
ng'ambo ya usiku ule Nyamwamba ulipoingia jikoni
ukachukua sufuria, mlango, mbuzi wawili,
na mtu mmoja ambaye hatumtaji mbele yake.

"Mtoto mtulivu," ripoti ilisema. "Nidhamu nzuri."
Nidhamu!
Mawingu yakishuka kutoka Rwenzori
aliingia chini ya dawati, akakumbatia mguu wake,
na darasa likaendelea na herufi.

Nikampeleka kwa Bi Biira, mshauri wetu,
katika chumba kilichokuwa stoo ya chaki;
ukikaa, hadi leo, unaondoka na weupe kwenye sketi.
Hakumwuliza kitu. Walimenya bogoya, wakala.
Mimi ndiye aliyeniita pembeni:
"Wewe ni kiranja, si mganga.
Kazi yako ni kujua yuko wapi saa nne."

Basi saa nne nilijua.
Jumatatu, nyuma ya tangi.
Jumanne, nyuma ya tangi.
Jumatano nilikaa naye nyuma ya tangi,
nikala mhogo wangu, naye akala wake.

Ijumaa ni siku ya klabu: mdahalo, chesi, ngoma, sungura.
Na Klabu ya Mvua, wanachama watano,
kopo la mafuta ya kupikia, rula,
na Mwalimu Masereka anayeamini
kuwa kitu ukishakipima hakikuvizii tena.
Niliona anajidanganya. Siku nyingine bado naona.
Lakini kopo lilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye tangi.

Usiku mmoja wa Aprili ilinyesha
hadi mabati hayakusikia kitu kingine.
Asubuhi Muhindo akachovya rula, akasoma mbiombio:
"Milimita thelathini na moja."
Nyuma ya mgongo wangu sauti, yenye kutu kama bawaba:
"Thelathini na nne. Rula haijagusa chini."

Hatukupiga makofi.
Wawili waliotaka kupiga niliwakanyaga vidole.
Muhindo akashusha rula. Thelathini na nne.
Mwalimu akaandika, na penye "Aliyepima"
akaandika Kule,
bila kuinua macho, kama mtu aandikaye tarehe.

Daftari nimeligeuza. Naandika kuanzia nyuma.
Ithungu wa la nne: hali chakula mbele ya wenzake.
Thembo wa senia ya tatu: anacheka mno tangu Februari.
Mtoto wa chekechea, jina sijajua, kiatu kimoja.
Na mstari mmoja, kwa penseli, ili nikitaka nifute:
Kabugho. Kiranja. Halali vizuri.
Alhamisi nitampelekea Bi Biira ukurasa wote,
sitaukunja pale chini.

Radi ikipiga, Kule bado huingia chini ya dawati.
Siku hizi anaingia na rula.