Ndoo Juu ya Unyayo

Walitupa sekunde tisini za kuagana.
Nilizitumia karibu zote kukohoa.
Edla alimshika mashavu, akamwambia ya mama na binti,
mimi nikasema: "Britta, kaza kamba za viatu,"
naye akageuka, begi mgongoni,
akamezwa na mlango uliojaa watoto wa watu.

Siku mbili barabarani kurudi Minnesota.
Hakuna aliyewasha redio.

Wiki sita, wamesema, barua tu.
Edla huandika kila usiku kurasa nne, tano,
wino humwishia angali na maneno.
Mimi, mkono uliozoea risiti za mbolea,
nilikaa na karatasi hadi kahawa ikapoa:

    "Binti yangu. Mvua nusu inchi.
    Bitiruti zimeota vizuri upande wa reli.
    Pampu iliharibika, nimeitengeneza.
    Paka wa ghalani kazaa watano, mmoja hana mkia.
    Baba."

Nikaisoma. Haikuwa imesema kitu.
Nikaongeza: "Huyo asiye na mkia ndiye mkali kuliko wote,"
nikaibandika stempu upesi, kabla sijaharibu.

Kila jioni chuo hutoa picha, mamia kwa mamia.
Edla huvaa miwani miwili, ya kusomea juu ya ile ya kuonea mbali.
"Yule pale!"
"Siye."
"Tazama sikio."
"Sikio la mvulana hilo, Edla."
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa,
lakini hakuna aliyetuonya kwamba mzazi
aweza kumtafuta mwanawe kati ya kofia mia nne
asimjue.

Usiku wa kumi na moja tulimpata: kiwiko tu.
Lile kovu la seng'enge la alipokuwa na miaka tisa,
mkono umekumbatia ncha ya gogo
lililobebwa na wanane, saba kati yao hatuwajui.
Edla akaligusa kovu kwa kidole,
kioo kikadhani ameagiza kitu, picha ikateleza ikaenda.
Tulilala saa nane, tukiwa tumeirudisha.

Barua yake ya kwanza ilikuja kwa penseli,
mistari imepanda kilima:
"Niko salama. Tumeni soksi. Nyeusi. Usingizi huku ni"
basi, pameishia hapo,
nadhani usingizi wenyewe ndio uliomalizia sentensi.
Chini kabisa, mwandiko umeamka tena:
"Asiye na mkia mmemwita nani?"
Edla aliisoma kwa sauti mara tatu.
Mimi nilikwenda ghalani kumpasha habari mhusika.

Jumapili ya wiki ya nne, namba nisiyoijua.
Nilikuwa chini ya trekta, oili hadi viwikoni,
nikabonyeza simu kwa pua.
"Baba?"
Sauti imekunjwa pembe nne, kama shuka la kambini.
Dakika kumi, alisema, na mbili zimeshaliwa na foleni.
Nami, Mungu anisamehe, nikauliza wanakula nini,
kama wanakula vizuri.
"Ndiyo, bwana."
Kimya.
Kisha akacheka, au alilia, laini ilikuwa na mikwaruzo,
na ndani ya mikwaruzo ile nikamsikia, mzima mzima,
yule anayemwaga maziwa na kumsingizia mbwa.
Nikampigia Edla kelele aje mbio.
Alikuta dakika moja. Haijawahi kuwepo dakika ndefu hivyo.

Mwezi mzima kabla ya kuondoka
Britta alivaa viatu vya jeshi shambani ili vilainike,
akazunguka nyuma yangu, puu, puu, malengelenge na matusi.
Unyayo mmoja umebaki kwenye tope kavu karibu na pampu.
Kisigino cha kushoto kimezama zaidi:
ndivyo akanyagavyo tangu alipojifunza kusimama.

Jana mawingu yalipokusanyika upande wa Dakota
nilitoka na ndoo, nikaufunika.
Edla aliniona toka dirishani.
Hakuuliza. Nami sikueleza.

Mvua ilipiga usiku kucha, na upepo nao.
Alfajiri nimekwenda kutazama.
Ndoo ipo palepale,
na juu yake kuna tofali ambalo si mimi niliyeliweka.